Masanduku Ambayo Gavana Hakuyagombea

"Hakuna binadamu anayemjua Gavana Dunning kuliko mimi," Lyle Haverkamp alikuwa akisema, na kama ulikaa kwenye mgahawa wa Dot asubuhi yoyote ya baridi pale Wexley Falls, ulilisikia neno hilo kabla kahawa yako haijapoa. "Siri za mtu yule ziko kwangu, kwenye banda la gari. Masanduku kwa masanduku. Siku nikiyafungua, jimbo zima halitalala."

Watu wa Wexley Falls wana adabu. Hawamwambii mtu kuwa anatia chumvi. Humsogezea tu sahani ya pai ili mdomo wake upate kazi nyingine. Na tuseme haki, Lyle alifanya kazi kweli katika ofisi ya gavana, muhula mzima na kipande cha wa pili, na alikuwa na ushahidi wake ukutani sebuleni: kalamu nyeusi yenye nembo ya jimbo kwa rangi ya dhahabu, imelala ndani ya fremu ya kioo kama maiti ya mfalme.

Kalamu hizo si za kununua dukani. Gavana anapotia sahihi sheria kubwa hatumii kalamu moja kama mimi na wewe. Hutumia kalamu nyingi, hii kwa herufi hii, ile kwa herufi ile, kisha humpa kila aliyeipigania sheria hiyo kalamu yake mkononi, mbele ya wapiga picha. Ukiwa nayo, umekula sahani moja na wakubwa. Ya Lyle ilitoka siku ya kusainiwa Sheria ya Chumvi, ile iliyoweka ununuzi wa chumvi ya barabara zote za jimbo mikononi mwa gavana. Mgeni yeyote aliyefika kwake aliletwa mbele ya kioo kile kabla hajavua viatu. Namna ilivyofika kwake hasa ni habari ambayo Lyle alipenda kuianzia katikati. Na mgeni akiuliza mbona imejaa vishimo vidogo upande wa mwisho, Lyle alisema ni mambo ya kuhama nyumba.

Mkewe, Marlys, aliyekuwepo siku ya kuhama na kufunga kila kikombe kwa mkono wake, alikuwa akienda jikoni kutazama oveni.

Kisha ikaja habari yenyewe ya chumvi.

Majira ya baridi yaliyopita, chumvi ya kumwaga barabarani kuyeyushia barafu iliisha katikati ya Januari. Magari yaliteleza kama sabuni bafuni. Hata gari la kukwangua theluji lilikutwa mtaroni limelala ubavu, dereva amekaa juu yake anakula mkate. Basi bunge la jimbo likaunda kamati ya uchunguzi, na swali la kamati lilikuwa rahisi: kwa nini chumvi ya jimbo lote ilinunuliwa kwa mfanyabiashara mmoja, na kwa nini mfanyabiashara huyo ni yule yule anayekaa na gavana kila Jumamosi wakivua samaki kwenye tundu moja la barafu? Kamati ikataka kusoma makaratasi ya wasaidizi wa zamani wa gavana. Gavana akasema haiwezekani. Ushauri anaopewa mkubwa na msaidizi wake ni siri ya ofisi, alisema, na msaidizi akiacha kazi siri haiachi. Akaenda mahakamani kuizuia kamati.

Gazeti lilitaja majina ya wasaidizi ambao gavana alikuwa akiyapigania makaratasi yao. La kwanza lilikuwa la Renata Kowalke. Wakafuata wanasheria wawili wa zamani. Kisha nukta.

Lyle alisoma habari ile mara moja kwa haraka, mara ya pili polepole, na mara ya tatu akiwa amevaa miwani ya mkewe. Akageuza ukurasa kuona kama inaendelea nyuma. Nyuma kulikuwa na tangazo la matairi.

"Wamekusahau," Marlys akasema. "Mshukuru Mungu. Wale watatu sasa hivi wanalipia mawakili."

Lyle alirudi kwenye jina la kwanza. Kilichokuwa kimemkaa kooni kilikuwa na jina la mwanamke.

Maana mambo ya Renata yalianza zamani. Waliajiriwa msimu mmoja, wakapewa meza zinazotazamana. Lyle alishika ratiba, makoti, na nani akae karibu na nani kwenye karamu. Renata alishika sheria. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi, mwenye tabia moja mbaya: akifikiri, alitafuna kalamu. Alizitafuna kama sungura anavyotafuna karoti, mpaka gavana akawa anatania kwamba akiona Renata amemaliza kalamu mbili, anajua sheria imeiva.

Lakini si kalamu zilizowatenganisha. Alikuwa mbwa.

Gavana alikuwa na mbwa mkubwa mwenye manyoya kama zulia la zamani, aliyeitwa Seneta, na Seneta alipanda gari la gavana kabla ya gavana mwenyewe. Maamuzi yote ya maana ya jimbo lile yalifanyika ndani ya gari hilo, njiani, kati ya mji na mji. Na Lyle alikuwa na mzio wa mbwa. Safari yake ya kwanza ndani ya gari la gavana alipiga chafya tangu ikulu mpaka daraja la mto, macho yakavimba kama mayai, na pale darajani gari likasimama akashushwa kwa heshima. Tangu siku ile alipanda gari la nyuma, pamoja na makoti. Kutoka gari la nyuma aliona kichwa cha Renata kupitia kioo, na kichwa cha Seneta begani pake, na mkono wa gavana ukipungapunga wakati wa kueleza jambo. Miaka ile yote Lyle aliutazama mkono ule bila kusikia hata neno moja.

Mwenye kijiba cha roho huwa hasahau kiti alichokosa. Sasa gazeti lilikuwa limempandisha tena gari la nyuma.

Kwa Dot walimpokea kwa upole wao wa siku zote, ambao ukiwa na kidonda ni mbaya kuliko matusi. Verlyn, muuza mbegu, ambaye ni rafiki yake wa tangu shule, alimwambia asijali, huenda ni kosa la mtambo. Au labda siri za Lyle ni nzito sana, gavana ameogopa hata kuzitaja. Meza nzima ikakubaliana kwamba hilo ndilo, na mmoja wao akaingiwa na kikohozi cha ghafla ndani ya kikombe chake.

"Chekeni," Lyle akasema. "Mnadhani kwenye masanduku yangu hakuna habari za chumvi?"

Alisema hivyo kwa sauti ya kufika mpaka dirishani, na dirishani alikuwa amekaa shangazi wa mwandishi wa gazeti la mji.

Alipofika nyumbani alimpigia simu wakili wa gavana, mwanamke aitwaye Delphine Roark, mwenye sauti ya mtu anayesoma huku anaongea nawe. Lyle alimweleza kwa unyenyekevu kwamba limetokea kosa dogo. Na yeye ana makaratasi. Aongezwe. Wakili akamuuliza makaratasi ya nini. Lyle akasema ya mambo mazito, chumvi pia imo. Ile sauti ikaacha kusoma.

"Bwana Haverkamp, umemwambia mtu mwingine habari hii?"

Lyle akasema hapana, na wakati huo kweli aliamini kuwa mgahawa wa Dot si mtu.

Gazeti lililofuata liliandika kuwa msaidizi mwingine wa zamani anadai kuwa na masanduku ya siri. Siku chache baadaye naibu sherifu akagonga mlango akiwa na hati ya wito wa kamati. Watu wengine wakipokea hati kama hiyo hukaa chini. Lyle alimkaribisha naibu sherifu kahawa, akamwonyesha kalamu ukutani, akamwomba wapige picha pamoja huku hati ikiwa katikati yao. Wakili Roark naye hakuwa na njia. Kama kulikuwa na makaratasi ya chumvi kwenye lile banda la gari, hakuweza kuiachia kamati iyapate. Ikabidi amuongeze Lyle kwenye kesi. Jumapili hiyo gazeti lilitaja majina manne, la nne likiwa Haverkamp, na Lyle akanunua magazeti ya kutosha kufungia vyombo vya kuhamia mji mwingine.

Kanisani, chini ukumbini, watu walipokuwa wakila viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, alikutana na Renata. Alikuwa amekonda. Alimsalimia Lyle vizuri, akamwambia amesikitika kuona jina lake, kwa kuwa yeye tangu mambo haya yaanze hapati usingizi. Watu wanamtazama kama mwizi wa chumvi. Laiti angejua, angeyachoma makaratasi yote na kwenda kuuza maua.

Lyle alimsikiliza na kumpa pole. Rohoni alikuwa akipima. Tazama anavyojifanya, alisema moyoni. Mtu anapiganiwa na gavana mzima mahakamani, naye analalamika kama aliyebanwa na kiatu. Njiani kurudi alimweleza Marlys kwamba baadhi ya watu hawajui kushukuru.

"Wewe unadhani anampigania," Marlys akasema akiwa ameshika usukani. "Lyle, jikoni kwangu sukari iko mezani. Kilichofungiwa kabatini ni sumu ya panya."

Lyle akasema hajui sukari inaingiaje hapo. Marlys akasema sawa, akawasha redio.

Lakini kwetu anayedai siri ya ofisi haachiwi aseme tu. Lazima ayapeleke makaratasi kwa jaji, na jaji huyasoma peke yake ofisini kwake, mlango umefungwa, kisha ndiye aamue lipi ni siri na lipi lipelekwe kwa kamati. Hilo Lyle hakuwa amelifikiria. Wakili Roark alikuja mwenyewe kuyakagua masanduku kabla hayajaenda kwa jaji. Alivaa koti zuri, akapiga magoti kwenye sakafu baridi ya banda la gari, kati ya baiskeli na mashine ya kukatia majani, akafungua la kwanza.

Vilitoka vyakula. Yaani, karatasi za vyakula: karamu ya wakulima wa mahindi, karamu ya wazima moto, supu gani, nyama gani. Sanduku la pili lilikuwa na michoro ya meza, nani akae wapi, na vibandiko vya namba za makoti. La tatu lilikuwa na kadi za heri za siku ya kuzaliwa kwa Lyle kutoka kwa gavana, zimefungwa kwa utepe. Roark aliziinua dhidi ya taa moja baada ya nyingine. Sahihi zote zilifanana kama mapacha, maana ziliwekwa na ile mashine ya ofisini inayotia sahihi gavana akiwa amelala. La nne lilikuwa na tiketi za mpira wa magongo ya barafuni.

Wakili alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Bwana Haverkamp," akasema, "hapa tunamficha nani? Mpishi?"

Lyle akasema mengine yako kichwani.

Roark hakuwa mtu mbaya. Alimweleza taratibu kwamba jambo hili lina mlango wa kutokea, na mlango ni mpana. Siku ya kusikilizwa, Lyle asimame, aseme kwamba kazi yake ilikuwa ratiba na makoti, hakuwahi kumshauri gavana juu ya chumvi, basi. Jaji atamwondoa kwenye kesi, kamati itamwondoa kwenye wito, na jioni yuko nyumbani kwake. Akimdanganya jaji baada ya kula kiapo, hilo ni jambo lingine, lina jela yake.

Lyle akauliza kama gavana amesema lolote juu yake.

Roark alikung'uta magoti ya suruali yake. "Ameuliza Haverkamp ndiye nani," akasema. "Samahani."

Usiku na mchana vilivyofuata Lyle aliyabeba maneno hayo kama kokoto ndani ya soksi. Alimwahidi Marlys kuwa atatumia ule mlango. Aliahidi kwa dhati. Hata aliyafanyia mazoezi maneno yenyewe mbele ya kioo cha bafuni: ratiba na makoti, Mheshimiwa Jaji, ratiba na makoti. Lakini asubuhi ya kwenda mahakamani, Marlys alipokuwa akipasha gari moto, Lyle alisimama sebuleni akaitazama kalamu. Akaitoa kwenye fremu, akaitia mfukoni. Alijiambia ni kwa ajili ya kuwa na kitu cha kushika.

Mahakama ilijaa. Jaji Okerlund alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, na pembeni yake lilikuwepo boksi la tishu. Gavana Dunning alikuwa amekuja mwenyewe kusema kwamba wasaidizi wake walimshauri kwa siri, na miguuni pake alilala Seneta, sasa mzee, haoni, analia kama mtoto akiachwa nyumbani. Jaji alikuwa amemruhusu kwa sharti asibweke. Lyle alipoingia tu pua yake ilimjulisha nani yumo. Akaenda kukaa mbali, karibu na dirisha lililokuwa limefunguliwa kidogo.

Mbele, kwenye benchi moja, walikaa gavana na Renata. Gavana alikuwa amemwinamia Renata sikioni akimnong'oneza, na mkono wake ulikuwa ukipungapunga vile vile, kama zamani nyuma ya kioo cha gari. Lyle hakuyasikia maneno. Aliuona tu mkono. Hakuona kwamba Renata hakuwa amegeuka hata kidogo, alikuwa akitafuna kalamu na kutazama meza.

Renata aliitwa kwanza. Jaji alimuuliza kama naye anataka makaratasi yake yabaki siri, na Renata akasema hapana. Kama ni juu yake, kamati ichukue yote, leo. Alichomwandikia gavana kuhusu kununua chumvi kwa mtu mmoja alikiandika wazi, na hana haya nacho. Wakili Roark aliruka akakumbusha kwamba siri ile ni ya gavana, si ya Bi Kowalke kuigawa. Jaji akapenga pua, akasema atasoma na kuamua. Lakini hakuna aliyekuwepo aliyekosa kuuona uso wa gavana, na watu wa benchi la nyuma walitazamana. Ikawa wazi mwanamke huyu aliandika nini: kwamba alimkataza.

Mtu mwingine angepona hapo. Sumu ya panya ilikuwa imetolewa kabatini na kuonyeshwa ukumbi mzima. Marlys, benchi la tatu, aligeuka kumtafuta mumewe kwa macho ili amwone kama ameelewa.

Lyle alikuwa ameona jambo moja tu: Renata alipokuwa akirudi kukaa, gavana alisogea na kumpisha nafasi.

"Bwana Haverkamp," jaji akaita.

Aliapishwa. Jaji Okerlund alimtazama juu ya miwani. "Nimesoma masanduku yako yote," akasema. "Nimejua supu ya kila karamu ya jimbo hili. Nimepata njaa. Lakini sikuona ushauri. Sasa niambie kwa kifupi, je, uliwahi kumshauri gavana kuhusu Sheria ya Chumvi?"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Verlyn alikuwa nyuma, na Dot mwenyewe, amefunga mgahawa. Gavana hakucheka. Alikuwa akimtazama Lyle kwa macho ya mtu anayesubiri lifti. Ratiba na makoti, Lyle aliwaza. Ratiba na makoti. Akafungua mdomo.

"Ndiyo," akasema. "Nilimshauri."

Wakili Roark alifunga faili lake polepole.

Jaji akauliza ushauri huo uko wapi, maana sandukuni haumo. Lyle akasema ulikuwa wa mdomo, walipokuwa wawili, na kwamba ushahidi anao. Akaitoa kalamu. Ukumbi ukainua shingo, kwani hakuna mtu wa mji ule asiyejua kalamu ile maana yake nini. Kalamu hizi, Lyle akaeleza, na sauti yake ikapata nguvu ile ya kwa Dot, hazipewi mtu wa makoti. Hupewa waliokuwa ndani ya jambo. Na hii alipewa mkononi, siku ya kusaini, na gavana mwenyewe.

Akili ina fitina zake. Alipokuwa akisema vile aliiona siku yenyewe, wazi kuliko alivyotaka. Alikuwa amesimama kando ya meza ameshika sinia la kalamu. Gavana alisaini, akaanza kugawa, huyu na huyu, kicheko, picha. Renata akapewa yake. Halafu gavana akageuka upande wa Lyle, na Lyle akanyoosha mkono, na gavana akamwekea mkononi koti. Jioni hiyo watu wote wakiwa kwenye karamu, kalamu ya Renata ilikuwa imelala mezani kwake, tayari imetafunwa, imesahaulika kati ya vifutio na maganda ya pipi. Lyle aliwahi kujiuliza kama angeichukua laiti Renata angeitia hata kwenye droo.

"Hebu niione," jaji akasema.

Aliigeuza kwenye mwanga. Akavua miwani, akaisogeza karibu.

"Imetafunwa hii."

Kwenye benchi la mbele Renata alikuwa na kalamu nyingine mdomoni. Aliinua kichwa, akaitazama ile iliyokuwa mkononi mwa jaji, akamtazama Lyle. Kisha, kwa utulivu, akaitoa yake mdomoni na kuisukumia ndani ya mkoba, akaufunga. Lyle alimwona akifanya hivyo, akajua anamsaidia, na badala ya kumshukuru akamchukia mara mbili.

"Ni mbwa," akasema haraka. "Mbwa wetu, Mheshimiwa. Alipokuwa mdogo. Alikuwa anatafuna kila kitu, viatu, miguu ya meza."

Marlys alifumba macho.

Jaji alikuwa bado anaigeuza kalamu, na huenda angeiacha hapo, maana mafua yalikuwa yanamsumbua na chakula cha mchana kilikuwa karibu. Lakini Seneta alikuwa ameinua sikio moja. Ama alitambua sauti, ama aliitambua harufu ya makoti, mbwa wana elimu yao. Alijikongoja akasimama, akatembea kwa kucha zake ta, ta, ta juu ya mbao za sakafu, akapita wakili, akapita karani, akafika mahali pa shahidi na kulaza kidevu chake kizito juu ya kiatu cha Lyle. Akashusha pumzi kama aliyefika nyumbani.

Lyle alizuia pumzi. Macho yakaanza kumjaa maji. Aliuma mdomo, akatazama dari, akafikiria barafu, akafikiria kaburi. Chafya ya kwanza ikamtoka hata tishu za jaji zikapepea. Ya pili ikamwinamisha. Ya tatu ilisikika mpaka barazani.

Hapo Gavana Dunning akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na pengine kwa mara ya kwanza tangu darajani, alimtazama Lyle sawasawa, usoni. Uso wake ukafunguka taratibu, kama mtu aliyekuwa akilitafuta jina la wimbo siku nzima na sasa limemjia.

"Lyle," akasema. "Lyle Haverkamp. Nakaa hapa najiuliza huyu nimemwona wapi." Alikuwa akitabasamu, kwa furaha ya kweli, na akamgeukia jaji kana kwamba anamtambulisha rafiki. "Mheshimiwa, huyu hawezi kuwa amefuga mbwa. Namkumbuka vizuri sana. Tulimtengea gari zima kwa sababu ya Seneta."